Deni langu la asante Ocean Road

Saa tatu na nusu asubuhi ndiyo ilikuwa saa ya maji. Mtaalamu wa mionzi anachungulia mlangoni, anataja majina manne au matano, kisha anasema, "Haya mama zangu, anzeni kunywa." Mke wangu anafungua chupa yake, anakunywa taratibu, funda baada ya funda, mpaka kibofu kijae. Kibofu kikijaa husukuma utumbo juu, ukakaa mbali na njia ya mionzi. Mtu akizidiwa akaenda msalani kabla ya zamu yake, anaanza upya. Pale kwenye benchi walikuwa wakitiana moyo: "Bana mwenzangu, bana, bado wawili tu."

Siku 25 nilikaa nyuma ya benchi lile, nimeshika faili, mkoba na khanga ya kubadilisha. Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Ilikuwa mwaka 2022. Tangu hapo nimesimama mara nyingi, kanisani, kwenye kikao cha ukoo, kwenye sherehe ya kumwoza binti yetu, nikasema tunawashukuru madaktari na wauguzi wote waliotusaidia. Watu wanapiga makofi, nami nakaa chini nikiwa na deni lile lile. Asante ya jumla ni kama sinia la pilau linalopitishwa juu ya vichwa vya watu: kila mtu anasikia harufu, hakuna anayekula. Waliotutendea wema walikuwa watu mmoja mmoja, na kila mmoja alitenda jambo lake, kwa saa yake. Leo nataka kuyataja mambo hayo kama yalivyokuwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Mke wangu ni fundi cherehani, na wengi walioolewa mtaani kwetu wamepita mikononi mwake. Alipoanza kutokwa damu alikuwa na miaka 52, hedhi imeshakatika miaka miwili nyuma. Kituo cha kwanza walimwambia ni mabadiliko ya umri. Cha pili wakampa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, akarudi tena, akapewa tena. Miezi saba ikapita hivyo, na katika miezi hiyo hakuna aliyemlaza kitandani akamtazama. Inaniuma mpaka leo, na nusu ya uchungu huo ni wa kwangu mwenyewe, kwa sababu kila alipotoka na mfuko wa vidonge niliridhika, nikaenda kusahihisha madaftari yangu.

Aliyetuamsha alikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Mke wangu alikwenda pale kumsindikiza mpwa wake mjamzito. Walipozungumza kidogo, yule muuguzi akamwambia, "Mama, usiondoke kabla sijakuangalia." Kipimo cha mlango wa kizazi kinachofanywa katika vituo vyetu ni rahisi: muuguzi anapaka siki, anasubiri kidogo, anatazama kama pana sehemu imegeuka nyeupe. Siku hiyo siki haikuhitajika. Uvimbe ulionekana kwa macho. Alivua glavu, akanawa, akakaa karibu na mke wangu, akamwandikia rufaa kwa mkono wake. Halafu akafanya jambo ambalo kazi yake haikumlazimisha. Alinipigia simu mimi. "Baba, naomba uje leo. Usisubiri kesho." Nilikuwa darasani, kipindi cha Kidato cha Tatu. Niliacha chaki mezani.

Kikachukuliwa kinyama, majibu yakaja: saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili, imeshaanza kusogea pembeni. Upasuaji haungefaa tena. Tiba ni mionzi pamoja na dripu, Dar es Salaam. Safari ya basi siku hiyo ilichukua zaidi ya saa tano kwa foleni ya malori, na mke wangu aliikaa yote upande mmoja wa nyonga, mkono umeng'ang'ania kiti cha mbele. Hakusema neno mpaka Kibaha. Kibaha akasema, "Nimeacha magauni manne ya watu hayajatiwa zipu."

Hospitali ya Ocean Road inatazama bahari, Ikulu iko jirani, Feri ni mwendo mfupi. Wajerumani waliifungua mwaka 1897, na kuta zile nene na veranda pana bado zinawakumbusha. Robert Koch, mtafiti aliyegundua vimelea vya kifua kikuu, alifanya utafiti wake Dar es Salaam hospitali hiyo ikiwa mpya. Ilijengwa kwa ajili ya Wazungu, na Mwingereza alipokuja akaiendeleza vivyo hivyo. Babu yangu mzaa baba alikuwa kuli bandarini zama hizo. Akiugua alikwenda hospitali ya Sewa Haji, walikotibiwa Waafrika. Tangu mwaka 1996 majengo yale ni taasisi ya taifa ya saratani, na mjukuu mkwe wa yule kuli, fundi cherehani wa Morogoro, alilazwa pale, dirisha limefunguliwa, upepo wa bahari ukimpepea. Jioni ya kwanza nilisimama chini ya mivinje ya ufukweni nikalifikiria hilo kwa muda mrefu, na lilinipa nguvu kidogo.

Mtu wa kwanza pale anayenidai asante ni muuguzi wa zamu ya usiku. Sikuwapo, kwa kuwa wanaume hatulali wodi ya akina mama, lakini mke wangu amenisimulia mara nyingi mpaka naiona. Ilikuwa saa nane usiku. Damu ilimtoka, ikalowanisha shuka na godoro. Wanaoujua ugonjwa huu wanajua harufu yake. Kwa miezi mke wangu alikuwa amejitenga kwa sababu ya harufu hiyo. Aliacha kwenda kwaya, aliacha kukaa na wateja, hata kitandani alikuwa akigeukia ukutani na kujifunga khanga mbili. Yule dada alikuja na beseni la maji ya vuguvugu, akavuta pazia, akaanza kumsafisha kuanzia mgongoni. Hakukunja uso, hakuharakisha. Akamuuliza, "Mama, nyie watu wa Morogoro mnaupikaje mchele wa Ifakara usishikane?" Mke wangu akaanza kueleza: maji kiasi gani, mkaa wa juu unaweka lini. Katikati ya maelezo akageuzwa, akafutwa, akawekewa shuka kavu, na alipomaliza kueleza alikuwa safi. "Aliniuliza kama mtu," mke wangu husema. "Nilikuwa nimeshasahau kuwa najua kupika."

Asubuhi nilimkuta yule dada anakabidhi zamu, macho mekundu. Akaniambia, "Baba, usininunulie shuka mpya. Niletee khanga nne kuukuu, zile zilizolainika. Na umshike mkono ukija, sio unasimama pale mlangoni." Nilikuwa kweli nasimama mlangoni. Hakuna mtu mwingine aliyeliona hilo, au walioliona waliniheshimu wakanyamaza. Yeye, ambaye umri wake ni wa binti yangu, aliniambia kwa sauti ya chini, na tangu siku ile sikusimama mlangoni tena.

Wingi wa damu ya mke wangu ulikuwa 6.2. Walitaka ufike angalau 10 kabla ya mionzi kuanza, kwa sababu damu ndiyo inayobeba oksijeni, na uvimbe uliokosa oksijeni huwa mgumu kuuawa na mionzi. Akaongezewa chupa nne kwa siku nne. Nilikaa nikitazama matone yakishuka, na kwa mazoea ya mwalimu nikasoma kila kilichoandikwa kwenye ule mfuko: kundi la damu, tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho ya kutumika, namba. Namba, si jina. Mimi na shemeji yangu tulitoa damu yetu benki ya damu, lakini ile iliyokuwa ikiingia mkononi mwake ilikuwa ya mtu mwingine, aliyeketi mahali fulani wiki chache nyuma, akakunja shati, akakunja ngumi.

Timu za damu salama huja shuleni kwetu pia. Wanafunzi waliotimiza miaka 18 wanajitokeza, wanapimwa uzito, wanatoa, wanapewa soda na biskuti. Miaka mingi nilikuwa mmoja wa walimu wanaonung'unika ofisini kwamba vipindi vinapotea na mitihani imekaribia. Nilipokuwa nasoma ile namba niliwaona vijana wangu wamejipanga kwenye ukumbi wa chakula, wanachekana, wanaogopa sindano. Ilikuwa vigumu kuvumilia fikra hiyo. Siku hizi timu ikija natoa vipindi vyangu viwili bila kuombwa, nami nakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Kisha kuna daktari. Alikuwa mwanamke kijana, na siku ya tatu aliniita peke yangu. Nilikuwa nimesoma kidogo kwenye simu, nikajua kwamba saratani hii husababishwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuuonyesha ukweli huo. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na nililala nalo siku tatu. Nikamuuliza, "Dokta, mimi ndiye niliyemletea?"

Hakujibu haraka. Alifunga faili. Akasema, "Mwalimu, kirusi hiki watu wengi sana wanakipata maishani, wanaume kwa wanawake, na wengi mwili unakiondoa wenyewe wasijue. Kwa wachache kinabaki, kinakaa miaka 10, 20, ndipo kinaleta hiki. Hakuna kipimo kitakachokuambia kilitoka wapi wala lini. Na nikuambie kitu kingine. Wanaume wengi wakifika kwenye swali hili, hawarudi tena hapa. Wewe urudi kesho."

Sikupata jibu la kunisafisha wala la kunihukumu. Nilipata kazi ya kufanya kesho yake. Nilipotoka nilitazama wodi kwa macho mengine. Wengi pale walikuwa wakiuguzwa na dada zao, mama zao wazee, mabinti walioacha shule. Mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa ametoka mbali, Kanda ya Ziwa, na mumewe alimpakia kwenye basi akamwambia atafuata. Muuguzi mmoja alikuwa akimpa simu yake kila jioni ampigie. Nilikuwa nimekaa hapo simu inapoita bila kupokewa, na nilimwona muuguzi anaichukua, anasema, "Labda mtandao, mama. Tutajaribu kesho," na kesho yake anajaribu kweli.

Damu ilipofika 10 tukaruhusiwa, tukahamia kwa shemeji Magomeni. Kila asubuhi tulipanda mwendokasi mpaka Kivukoni, halafu bajaji. Mke wangu alichorwa mistari ya wino tumboni na nyongani, akaambiwa asiisugue. Mionzi lazima ipige pale pale kila siku. Mtaalamu wa mionzi alimlaza kwenye meza ngumu, akamnyoosha, akamsogeza kushoto kidogo, akarudi nyuma kutazama, akamsogeza tena. "Mikono yangu ya baridi, mama, unisamehe," alisema kila siku, siku zote 25. Kisha wote hutoka, mlango mzito unafungwa, anabaki peke yake na mashine.

Nilimuuliza mara moja anafikiri nini mle ndani. Akaniambia anashona. Anachukua kitambaa kichwani, anapima kifua, kiuno, urefu, anaanza kukata. "Yule kijana ana jicho la fundi," aliniambia. "Akikosea nusu inchi, nguo imeharibika, na yeye anajua." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote. Mwanamke ambaye maisha yake yote amewapima watu kwa tepe na chaki, sasa anapimwa yeye, na aliridhika na kipimo.

Mara moja kwa wiki kulikuwa na dripu. Dawa ile ina ukali kwenye figo, kwa hiyo kwanza anapimwa damu, anaongezewa maji mengi ya mshipani, ndipo dawa yenyewe inaingia. Siku mbili baada ya kila dripu alikuwa hali chakula. Wiki ya tatu tumbo likaanza kuharisha, ngozi ikawa nyeusi na kuuma. Mtaalamu wa lishe alituandikia kwenye karatasi ndogo: uji laini, ndizi, wali, maji ya kutosha, maharage na kabichi tuache kwanza. Karatasi ile bado iko kwenye Biblia yake.

Na nisimsahau mama wa usafi. Sijui kama kuna mgonjwa anayemtaja akitoa shukrani. Wiki hiyo ya tatu mke wangu alikuwa akienda msalani mara kumi, anashika ukuta. Siku moja tulikuta kiti cha plastiki cha buluu nje ya mlango wa choo. Kesho yake kipo. Keshokutwa kipo, na sakafu imekaushwa kwa kitambaa mpaka haitelezi. Nikadhani kimesahaulika, mpaka nilipomwona yule mama amemaliza kudeki, anakwenda kukichukua kiti upande wa pili, anakileta, anakiweka pale pale, anaondoka na ndoo yake. Nilimfuata nikamwambia, "Mama, Mungu akubariki." Akajibu, "Si nimemwona anavyoshika ukuta, baba." Ndivyo alivyojibu tu.

Baada ya zile 25 ikafuata mionzi ya ndani, kifaa kinawekwa ndani ya mwili karibu kabisa na uvimbe. Ilikuwa migumu, na mke wangu hapendi niisimulie, kwa hiyo sitaisimulia. Nitasema tu kwamba muuguzi alimshika mkono tangu mwanzo, na mke wangu aliuminya mkono ule mpaka ukabaki na alama za kucha.

Mwalimu nina kadi ya bima. Najua ni bahati, na najua waliokuwa kwenye benchi lile wakihesabu nauli ya kurudi walikolala. Nilijifunza pale kwamba ukiwa na elfu mbili ya ziada, nauli ya jirani yako ni sehemu ya matibabu yako. Walitufundisha hilo wagonjwa wenyewe, waliokuwa wakichangishana bila kutaja nani hana.

Tumerudi nyumbani, cherehani inalia tena barazani. Kazini pia kuna jambo limebadilika. Chanjo ya kuzuia kirusi kile ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Wazazi wanakuja na maneno ya mitaani, kwamba inaharibu uzazi. Zamani ningewaelekeza kwa mwalimu wa afya. Sasa nawakaribisha ofisini, nafunga mlango, nawaeleza habari ya mke wangu, kwa ruhusa yake. Nawaambia kwamba kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika mwaka ule alioumwa, wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika na saratani hii, na wapatao 350,000 walikufa kwayo, na kwamba hapa nchini ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Lakini tarakimu haziwagusi kama kile kiti cha buluu. Nikifika kwenye kiti, baba mtu huinama akatazama viatu vyake, na mara nyingi karatasi ya ridhaa ya chanjo inatiwa saini.

Kliniki ya marudio sasa tunakwenda kwa treni ya umeme, iliyoanza safari mwaka 2024. Chini ya saa mbili tuko Dar. Mke wangu anakaa dirishani, anakaa sawasawa, nyonga zote mbili. Safari ya mwisho alibeba mfuko mkubwa ambao hakutaka niuguse. Tulipofika alikwenda moja kwa moja chumba cha mionzi. Yule kijana wa mikono ya baridi yuko, ameanza kuota mvi. Muuguzi wa usiku hatukumpata, tuliambiwa amehamia mkoani. Mke wangu alifungua mfuko, akatoa vitenge 12 alivyovishona yeye, vya kujifunga kiunoni, vyenye kamba pembeni na mpasuo mmoja mahali panapotakiwa, ili mgonjwa akilazwa mezani asivuliwe nguo zote. Alikuwa amevikata kichwani miaka ile, chini ya mashine. Kijana alikishika kimoja, akakigeuza, akaijaribu kamba, akamtazama.

"Mpasuo umeupimaje, mama?"

"Nilikuwa nakuona unavyopima wewe."

Nilipotoka kuulizia faili nilimwacha amesimama naye. Niliporudi nilimkuta kwenye benchi, mahali pake pa zamani, karibu na mwanamke mwembamba ambaye mistari yake ya wino ilikuwa mipya, imechungulia juu ya khanga. Yule mwanamke alikuwa ameshika chupa ya maji kwa mikono miwili, hajaifungua, anaogopa. Mke wangu akatazama saa ya ukutani.

"Bado dakika kumi," akamwambia. "Wakikuita, usinywe kwa haraka. Mimi nitakuhesabia."